Punda wa bure, na swali la nani atachota maji Newala

Uhamisho ulitoka mwishoni mwa Mei. Mwalimu wa shule ya msingi mjini Masasi, mama wa watoto watatu, alikuwa ameuomba mwenyewe ili akakae na mama yake mzazi huko Newala. Bibi anaishi peke yake, magoti yamechoka, na simu zake za jioni zilikuwa zimeanza kuwa fupi. Mtumishi wa umma anayehama kwa kuomba mwenyewe hujilipia safari na mizigo. Familia ikaanza kuhesabu: Fuso la kubeba vitu, nauli, sare mpya za shule, na vifaa vya baba, ambaye ni fundi baiskeli.

Wiki hizo hizo mzee jirani alimwita baba. Ni mstaafu, mjane, naye pia alikuwa anahama, maana mwanawe amemwita Dar es Salaam. Alikwisha kugawa kuku, amegawa meza na viti, amebaki na punda jike mmoja. Alimnunua miaka iliyopita kwa wafugaji, wale waliofika kusini na ng'ombe wao baada ya kuondolewa bonde la Ihefu mwaka 2006 na 2007. Punda huyo alimbebea maji, kuni na magunia ya korosho.

"Sitaki hela," mzee alimwambia fundi. "Nataka mtu ninayejua hatampiga."

Ukipewa kitu namna hiyo na mtu mzima, kusema hapana si jambo dogo. Fundi alishukuru, akaomba siku chache akazungumze nyumbani. Moyoni lakini alikuwa amekwisha kukubali. Watoto nao walikuwa wamekwisha kumpa punda jina.

Baba ni Myao wa Masasi. Masasi nako maji hukatika, ila kisima cha jirani hakiko mbali. Newala alikuwa anaijua kwa kutembelea wakweze na kwa mandhari yake: ukisimama pale Shimo la Mungu, nchi inakatika miguuni pako, unaona bonde la Ruvuma na ng'ambo yake Msumbiji. Mama anaijua kwa shingo. Alikua akibeba maji kichwani. Anakumbuka kuamshwa usiku, kushuka mteremko na wanawake wa mtaa, kusubiri chemchemi ijaze kata, kisha kupanda tena kabla jua halijawa kali. Shule ilikuja baadaye, kama miguu bado ilikuwa na nguvu.

Mtu asiyeijua nchi ile huuliza kwa nini watu wakae juu, mahali pasipo na maji, wakati maji yako chini. Bibi ana jibu lake, ambalo ndilo simulizi ya asili ya Wamakonde, na wageni waliiandika tangu enzi za Wajerumani. Mtu wa kwanza alichonga gogo, gogo likawa mwanamke, naye akamwoa. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mtoni, akafa. Wakapanda juu kidogo, wa pili naye akafa. Wakapanda hadi juu kabisa, wa tatu akaishi. Ndipo wazao wakausiwa wakae mbali na mabonde, kwa kuwa mabondeni kuna maradhi. Yapo na maelezo mengine, kama vile kukimbia mashambulizi ya Wangoni karne ya 19. Lakini mzazi aliyewahi kulala na mtoto mwenye malaria hatalicheka jibu la bibi.

Gharama ya kukaa juu ni maji. Udongo wa uwanda ule ni mchanga. Mvua inanyesha, inazama, inatokeza chini kabisa kwenye miguu ya mteremko. Miaka ya 1950, chini ya utawala wa Mwingereza, liliundwa shirika la maji la Makonde ili maji yasukumwe kwa mashine kutoka bondeni hadi vijijini juu. Kuanzia miaka ya 1970 Finland ilisaidia miradi ya maji ya Mtwara na Lindi kwa miaka mingi. Chanzo cha Mitema, upande wa Kitangari, bado kinategemewa hadi leo. Bomba lipo, basi. Lakini bomba linalopandishiwa maji mlima mrefu hivyo lina siku zake, na Oktoba, mvua ikiwa bado mbali, siku zake huwa chache.

Kwa hiyo punda alionekana kama jibu la dua. Bibi hawezi tena kubeba. Mama atakuwa darasani. Baba atakuwa anatafuta wateja wapya katika mji asioujua. Anabaki nani? Anabaki binti, miaka 12, darasa la sita. Mama hakulisema neno hilo kwa sauti, lakini lilikuwa linamkaa kooni tangu barua ya uhamisho ilipofika: kwamba anamrudisha mwanawe kwenye njia ileile aliyoipanda yeye. Punda angesimama katikati ya mtoto na dumu.

Ndiyo maana mama, ambaye hapendi wanyama hata kidogo, hakukataa siku ya kwanza.

Farasi, kama ingekuwa farasi, mazungumzo yangekwisha palepale. Kusini ya Tanzania haijawahi kuwa nchi ya farasi. Katika Vita Kuu ya Kwanza vikosi vya wapanda farasi vya Jenerali Smuts viliingia nchini mwaka 1916, na farasi wakafa kwa maelfu, wengine kwa mbung'o, wengine kwa ugonjwa wa farasi wa Afrika. Mwaka uliofuata, mapigano yalipofika Masasi na Newala na Wajerumani wakavuka Ruvuma mwezi Novemba, aliyebeba mizigo alikuwa binadamu, mpagazi, mara nyingi kwa kulazimishwa.

Punda huvumilia zaidi, lakini naye ana mpaka wake. Mwaka 1866 David Livingstone alishuka pwani karibu na Mikindani akiwa na ngamia, nyati wa India, nyumbu wa kubeba mizigo na punda. Alitaka kuona kama wangestahimili mbung'o, halafu akapanda nao kufuata Ruvuma, chini ya uwanda wa Makonde. Walitafunwa na nzi, na walitendwa vibaya na waliowaongoza. Karibu wote walikufa kabla hajafika Ziwa Nyasa. Hapo mtu anaanza kuelewa kwa nini vizazi vya wanawake wa Newala vilibeba maji vichwani huku sehemu nyingine za nchi zikiwa na punda: mbung'o alikuwa chini, na maji yalikuwa chini.

Hayo ni ya zamani, na mapori mengi yamefyekwa. Familia hii ilikuwa na hesabu za leo.

Baba alianza. Kila safari madumu manne ya lita 20. Safari mbili asubuhi, mbili jioni. Maji ya nyumbani yatatosha, yanayobaki yatauzwa. Msimu wa korosho ukifika, punda atabeba magunia ya watu hadi ghalani kwa malipo. Aliandika yote nyuma ya daftari la wateja, akapiga mstari chini, na jumla ikapendeza.

Mama alimpigia simu mtu anayejua, afisa mifugo, baba wa mwanafunzi wake mmoja, akamwomba aje amwangalie mnyama. Alikuja jioni baada ya kazi. Alimpima punda kifua kwa utepe, akakadiria uzito wake kilo 130 hivi. Punda, alisema, asibebeshwe zaidi ya kama theluthi ya uzito wake. Hiyo ni kilo 40 na ushee. Madumu mawili, basi. Manne ni yale tunayoyaona barabarani kila siku, ndiyo, na ndiyo maana punda wa kazi hawazeeki, wakati punda anayetunzwa hufika miaka 25 na zaidi.

"Na yeye mwenyewe anakunywa kiasi gani?" mama aliuliza.

Lita 10 hadi 25 kwa siku, kutegemea joto na kazi.

Baba alilifungua tena daftari lake. Safari moja ni madumu mawili, lita 40, na mchotaji mwenyewe anaweza kunywa nusu yake. Pale kwenye maji mengi hilo si neno, atakunywa hukohuko. Newala mwezi wa Oktoba, kwenye foleni ya bomba, mwanamke aliyesubiri tangu saa kumi usiku atamtazamaje mtu anayemnywesha punda?

Afisa mifugo alikuwa bado. Aliinua kwato moja moja. Zilikuwa zimekua zikapinda kwa mbele kama ndala iliyoisha, zilihitaji kukatwa, na kukatwa tena kila baada ya wiki kadhaa. Mgongoni palikuwa na kidonda cha zamani kilichofunguka. Hapo pasibebeshwe kitu mpaka pafunge. Kisha alimpapasa tumbo, akamzunguka, akamwangalia chuchu, akasema kwa upole kwamba mnyama ana dalili za mimba.

Mimba ya punda huchukua miezi 12, wakati mwingine na zaidi. Miezi ya mwisho hatakiwi kubeba mzigo mzito, na akizaa ananyonyesha miezi sita hivi. Kwa maneno mengine, kiangazi chote ambacho familia ilimhitaji, punda angekuwa likizo ya uzazi. Mama, aliyewahi kurudi kazini akiwa na maziwa yanavuja, ndiye aliyesema neno hilo la likizo, na hakuwa anatania.

Kulikuwa na safari yenyewe pia. Kumhamisha mnyama kutoka halmashauri moja kwenda nyingine kunahitaji kibali cha kusafirisha mifugo, chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, na kibali kinatoka baada ya mnyama kukaguliwa. Dereva wa Fuso alikubali kitanda, kabati, baiskeli saba na matenga ya kuku. Kwa punda alisema hiyo ni safari ya pili, na bei ya pili. Kumtembeza kwa miguu hadi juu ya uwanda, na mimba na zile kwato, hakuna aliyelizungumza kwa dhati isipokuwa mtoto wa kiume, miaka minane, aliyejitolea kumsindikiza.

Mama aliuliza swali moja zaidi, kwa sababu nyumbani kuna mtoto wa miezi tisa anayetambaa na kuweka kila kitu mdomoni. Aliuliza kuhusu pepopunda. Jina lenyewe linamtaja mnyama. Vijidudu vya ugonjwa huo hukaa ardhini na kwenye kinyesi cha wanyama, hasa farasi na punda, na huingia mwilini kupitia kidonda, hata kidogo cha msumari au mwiba. Kufuga punda hakumaanishi mtoto ataugua. Kinga iko kwenye chanjo ile anayopewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, na wajawazito nao huchanjwa ili kuwakinga wachanga wao. Kadi ya mdogo ilikuwa kamili. Ya kaka yake haikuonekana, ikatafutwa usiku kucha, ikapatikana ndani ya Biblia ya bibi mzaa baba. Hata kama familia isingepata faida nyingine kwa punda huyu, hiyo ilikuwa moja. Na mzazi mwenye zizi lolote nyumbani asidharau mguu uliochomwa msumari. Apelekwe mtoto kituo cha afya siku hiyohiyo.

Usiku ule wazazi walikubaliana kwamba haiwezekani. Ilikuwa rahisi, kwa kweli. Kilichokuwa kigumu kilikuja asubuhi, walipowaambia watoto. Wa kiume alilia, akanuna, akala. Binti hakulia. Alisikiliza yote, uzito, kwato, mimba, kibali, halafu akauliza:

"Sawa mama. Kwa hiyo nani atachota maji?"

Hakuna aliyemjibu. Mama aliondoka kwenda shuleni akiwa amechelewa. Baba alikaa na tairi la mtu mapajani muda mrefu bila kulishughulikia.

Familia nyingi hukomea pale kwenye kukataa. Punda wa bure hana bei, kwa hiyo ukimkataa unaona hujapoteza kitu. Lakini kazi aliyokuwa aifanye haikuondoka naye. Ilibaki pale sakafuni, ikimsubiri yule ambaye hakuna anayemwuliza, na katika nyumba zetu huyo tunamjua ni nani. Tunasema punda afe mzigo ufike, tukidhani tunasema kuhusu mnyama.

Jumamosi baba alipanda basi kwenda Newala peke yake. Mama alishangaa, kwa kuwa ndiye mwenye kwao, lakini alimwacha. Alikaa siku mbili kwa mama mkwe. Alfajiri alibeba madumu mawili kwenda bombani pamoja na wanawake, akasimama foleni, akawa mwanamume pekee pale mbali na vijana wawili wauza maji wenye baiskeli. Aliwaangalia hao vijana kwa jicho la fundi. Walifunga madumu matatu, wengine manne, kwenye keria zilizoongezwa vyuma. Keria zenyewe zilichomelewa vibaya. Moja ilikuwa imepinda upande.

Mchana alizunguka nyuma ya nyumba. Kama nyumba nyingi za Newala, nyumba ya bibi ina kisima cha kuvunia maji ya mvua, kimechimbwa ardhini na kusakafiwa kwa saruji. Kilikuwa kikavu, na ndani yake mlikuwa na majani ya mwembe.

"Kilipasuka lini, mama?"

"Mwaka aliofariki baba yenu, Mungu amrehemu," bibi alijibu. "Tangu hapo kinashika maji wiki moja, kinayanywa chenyewe. Na mfereji wa bati uliondoka na upepo. Nani wa kupanda juu ya paa? Mimi?"

Fundi alipima paa kwa hatua, kisha kwa kamba. Upande wa kisima, mita 8 kwa 6. Mvua ya milimita moja ikiangukia mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Hilo alilikumbuka kutoka shule, au labda mkewe alilikumbuka kwenye simu jioni ile, kila mmoja anadai ni yeye. Mita za mraba 48. Mvua moja nzuri ya milimita 10 ni lita 480, madumu 24. Toa yanayorukia nje na kukauka batini, bado ni madumu 19 au 20, yaliyojileta yenyewe hadi mlangoni usiku mmoja watu wakiwa wamelala. Punda mwenye madumu mawili angekwenda safari kumi.

Kuanzia hapo hesabu za baba zilibadilika. Fedha ya Fuso la pili, ya kibali, ya kamba na matandiko, na ya kijana wa kumchunga punda (maana mwenye shamba hapendi kukuta mnyama chini ya mikorosho korosho zikiwa zinadondoka) ziliwekwa kwenye saruji, mchanga, waya na mfereji wa paa. Hazikutosha. Aliuza baiskeli mbili kati ya zile saba.

Mvua lakini ni ya Desemba, na wao wanahamia Julai. Miezi mitano katikati haina paa la kuikomboa. Kwa miezi hiyo baba alirudi na pendekezo ambalo mama alilipokea kwa mashaka. Angetengeneza keria ya vyuma, ya madumu manne, naye ndiye angechota. Alfajiri, kabla ya kufungua kazi. Binti angekwenda Jumamosi tu, na wa kiume angeanza na ndoo ndogo kwa sababu mikono anayo.

"Wewe?" mama aliuliza. "Newala, mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Watasema nimekulisha kitu, baba watoto."

"Waseme. Si wakwe zangu? Wakinisema nitawatengenezea baiskeli kwa bei mbaya."

Alikuwa bado hajamjibu mzee, naye mzee alikuwa na wiki moja tu ya kukaa Masasi. Hapo palikuwa na jambo la kuogopa. Mtu mmoja alikuwa amepita mtaani akiulizia punda wa kununua, na hakuuliza kama anabeba wala ana umri gani. Ngozi ya punda inatafutwa China kwa kutengenezea dawa ya asili, na biashara hiyo ilimaliza punda wengi barani hadi Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kupiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Marufuku ni jambo moja; mtu mwenye fedha taslimu kwenye uchochoro ni jingine. Binti alikuwa amesikia habari hiyo shuleni. Alimwambia baba yake kwamba kukataa kumchukua punda ni sawa, ila kumwacha hivihivi si sawa.

Basi baba alitafuta. Ana binamu yake kijijini nje ya Masasi, mwenye punda wawili na eneo la malisho, na kisima kisichokauka. Binamu alikuja, akaangalia kwato, akaambiwa kuhusu mimba na kidonda bila kufichwa kitu, akakubali. Ndipo baba akaenda kwa mzee, akiwa amevaa shati la Ijumaa.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Umekuja kumchukua?"

Alieleza. Hakusingizia sheria wala mke. Alisema Newala hana maji ya kumpa, na mzigo aliotaka kumbebesha si halali yake kwa hali aliyonayo. Mzee alikaa kimya. Pengine alikuwa anaumia kusikia habari ya kidonda, kwa sababu matandiko yalikuwa yake. Mwishowe aliuliza kitu kimoja tu: huyo binamu, ana punda wengine?

"Anao wawili."

"Ahaa. Kwangu alikuwa peke yake. Usiku alikuwa analia, nikadhani ni njaa."

Walimpeleka siku ya Jumatano, mzee, baba na watoto wawili, polepole kwa ajili ya kwato. Wa kiume aliruhusiwa kushika kamba njia nzima. Walipofika, wale punda wawili wa binamu waliinua masikio, na mgeni akaanza kulia kwa sauti iliyowafanya kuku wakimbie. Watoto walirudi wakiiga sauti hiyo hadi mama akawafukuza nje.

Julai walihamia. Wiki ya kwanza wanawake wa bombani Newala walicheka, wiki ya pili wakaanza kumpa baba nafasi mbele ya foleni kama mgonjwa, jambo lililomuudhi zaidi ya kucheka. Wiki ya nne mmoja wa wale vijana wauza maji alimletea keria iliyopinda. Sasa anatengeneza keria za madumu manne, na hiyo ndiyo kazi inayomlipa kuliko kuziba pancha. Si kila siku ilikwenda vizuri. Septemba aliugua malaria siku sita, na siku hizo sita binti alichota alfajiri, akachelewa kipindi cha kwanza mara mbili. Mama aliziandika tarehe hizo kwenye kalenda ukutani ili zisije zikageuka desturi. Oktoba walinunua maji kwa bei iliyowafanya waoge kwa kikombe.

Kisima kilisakafiwa upya kwa awamu, kila fedha ilipopatikana, kikamalizika katikati ya Novemba. Mwezi huo huo binamu alituma ujumbe kwenye simu: punda amezaa, jike, mama na mtoto wazima, kidonda cha mgongoni kimefunga. Wa kiume alitaka kujua kama huyo mdogo naye ni wa bure.

Mvua ya kwanza ya maana ilinyesha usiku, Desemba ikiwa imeingia. Asubuhi watoto walifunua kisima, wakashusha kijiti, kikarudi kimelowa hadi juu ya alama ya kwanza. Walikuwa wanapiga kelele bibi alipotoka na fimbo yake, akachungulia, akanusa.

"Haya ni ya kuoshea paa," alisema. "Vumbi la miezi saba hilo, na kinyesi cha ndege. Yatoeni, mkamwagilie mchicha. Ya kunywa ni yatakayokuja."

Binti alitazama kisima, akahesabu madumu yaliyomo, akamwangalia bibi kuona kama anatania. Kisha akaenda kuchukua ndoo mbili, moja akampa kaka yake.